Picha ya Meno ya Dhahabu na Karatasi Iliyokuwa Chini Yake

Mshauri wangu mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote hapa El Alto, lakini leo naomba wako, kwa sababu tangu Jumapili nina kosa nisilojua nilipeleke wapi.

Mimi ni fundi wa meno, mwaka wa ishirini na moja sasa, na nasema bila haya kwamba mtaani kwetu hakuna mkono kama wangu, daktari anachukua chapa ya kinywa cha mgonjwa ananiletea, mimi namimina plasta, nachonga, na yale meno ya mbele ambayo mama zetu hupenda yazungushiwe dhahabu kama fremu ya dirisha, wengine na kinyota katikati, hayo nayafanya hivi kwamba ukicheka mtu wa ng'ambo ya barabara anageuka. Wanaume wenye karakana mtaa wa pili walisema mwanamke hawezi kuyeyusha dhahabu, leo wananiletea kazi zao zilizoharibika nizitengeneze.

Sasa, daktari anayenipa kazi nyingi kuliko wote aliniletea oda ya Bi ............, anayeuza supu ya karanga sokoni, meno manne ya juu, dhahabu na nyota, ayavae kwenye sikukuu kwa sababu mwaka huu yeye na mumewe ndio wenyeji wa ngoma, na mshauri, yalitoka mazuri mpaka mimi mwenyewe nilikaa nikayatazama, nikayapiga picha pale pale mezani, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa kikundi chetu cha ngoma, watu mia moja na kumi na wawili, waone kazi ilivyo.

Lakini nina desturi niliyofundishwa na mwalimu wangu, kwamba kazi ikiisha inakaa juu ya karatasi yake ya oda mpaka iondoke, ili meno ya huyu yasiende kinywani mwa yule, na kwa desturi hiyo sijawahi kukosea hata mara moja, na ndiyo iliyoniponza, kwa sababu picha ilionyesha karatasi nzima, jina, umri, namba ya simu, na ule mstari ambao daktari huuandika kwa wino mwekundu ili niioshe chapa kwa dawa kali: homa ya ini aina ya B. Niliifuta baada ya dakika kumi na moja.

Shemeji yangu Wilder, anayenipelekea kazi kliniki, anasema ninyamaze. "Picha umeshaifuta, shemeji. Daktari akijua, oda zote zinahamia mtaa wa pili. Unataka kujichongea mwenyewe?" Nikaona ana hoja, mpaka jana Primitiva, aliyemsimamia mwanangu ubatizo, akanishika mkono dukani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kumbe yule mama wa supu ana ini bovu? Mimi kwake sili tena." Nikamjibu sijui. Mimi, mshauri, nikasema sijui.

Ijumaa anawekewa meno. Niende kwa daktari nipoteze kazi, au niende kwa mama mwenyewe nimpigie magoti, mimi ambaye sijawahi kumwangukia mtu, au ninyamaze sikukuu ipite watu wasahau? Na ujue kwamba kwenye meno yenyewe hakuna kasoro.

Ni mimi, Fundi wa Dhahabu.

MAMA EUFRONIA ANAJIBU

Fundi wa Dhahabu,

Tuanze na hizo nukta penye jina la mama. Wewe hukuweka nukta. Uliniandikia jina lake lote, la upande wa baba na la upande wa mama, na namba ya meza yake sokoni, na jina la daktari wake juu, kwa gazeti linalosomwa mpaka mji wa Oruro. Nimeyafuta mimi, na chakula anachouza, nafasi yake kwenye sikukuu na majina ya jamaa zako nimevibadilisha. Msomaji unayejikuna kichwa kumtafuta, pumzika, mama huyo hauzi supu ya karanga. Yaani umekuja kutubu, na kosa lile lile umelirudia ndani ya toba.

Ugonjwa nimeuacha makusudi, kwa sababu akina Primitiva ni wengi. Homa ya aina hiyo hupita kwa damu na kwa kulala pamoja, haipiti kwenye bakuli la supu. Ndiyo maana fundi wa meno huambiwa, lakini mla supu haambiwi.

Pole, dada. Nakuonea huruma kweli, na nakuambia hivi kwa sababu najivunia kuwa mji wetu una mwanamke kama wewe. Kujivunia kazi yako si kosa. Kosa ni kusahau kwamba daktari hakukuletea chapa tu, alikuletea na siri ya mtu.

Shemeji yako anakupoteza. Picha imefutwa kwenye simu, haijafutwa kichwani mwa Primitiva. Leo Jumatano. Nenda kwa daktari leo, kwa sababu mgonjwa ni wake, mwambie kila kitu, kisha mwende pamoja kwa mama huyo, nyumbani kwake, si sokoni. Mweleze nini kilionekana, na kwa watu wangapi, na kwa dakika ngapi. Usianze kumsifia meno. Akikasirika, nyamaza na umsikilize. Na kwenye kundi usiandike maelezo yoyote mpaka yeye mwenyewe aseme anataka nini, maana utetezi wako utaisambaza habari upya. Primitiva mrudie, umwambie wewe ulifanya kosa kuionyesha na yeye atafanya kosa akiisema.

Desturi ya mwalimu wako usiitupe. Weka kazi juu ya karatasi, ila karatasi iwe na namba tu, jina libaki kwenye daftari la daktari. Umri na simu ya mgonjwa vinakusaidia nini kuchonga jino? Ule mstari mwekundu mkubaliane uwe alama mnayoijua ninyi wawili. Na picha usipige kabla mwenye kinywa hajakubali.

Unaogopa kupiga magoti. Nani kakutuma upige magoti? Nenda umesimama wima, useme ukweli kwa sauti ile ile unayotumia kusifu mikono yako. Daktari akikunyima kazi, utakuwa umepoteza oda. Ukinyamaza, yule mama atapoteza wateja bila hata kujua kwa nini.

Mimi nina meno mawili ya bandia, mwaka wa tisa huu. Yalipotengenezwa nilikuwa na ugonjwa ambao hata dada zangu hawaujui mpaka leo, na fundi aliusoma kwenye karatasi. Simjui jina wala sura. Lazima tumepishana sokoni mara nyingi, na sijawahi kuona mtu akinitazama vibaya. Huyo ndiye fundi ninayejivunia kuliko wote mjini, na wewe una siku mbili, mpaka Ijumaa, za kuanza kuwa kama yeye.