Picha ya Kichwa Changu

Kathiani, Jumapili

Kwa mume wangu, Baba Mumo,

Habari za Syokimau? Huku maharagwe yametoa maua, na Mumo amejua kukamua ng'ombe.

Wiki jana daktari alinionyesha picha ya kichwa changu. Nilimsumbua na maswali mpaka akacheka. Alisema mishipa midogo ya damu kwenye ubongo imeharibika, inavuja, na pale inapovuja panavimba. Unakumbuka paipu ya kumwagilia sukuma wiki ilipopasuka, shamba likawa matope? Ndivyo nilivyoelewa. Nikamuuliza, kuvuja ndiko kunaleta kifafa changu, ama kifafa ndicho kinaharibu mishipa? Akasema huenda ni yote mawili, bado wanachunguza. Nawaza hilo hata nikipalilia.

Nikauliza pia kwa nini dawa hazinisaidii. Akasema mtu anaweza kumeza kila siku na kifafa kikatae kusikia dawa.

Wewe kila asubuhi uliniambia nifungue mdomo, ukaangalia chini ya ulimi. Mwishowe ukaenda zako ukisema dawa nazitema.

Nilikuwa nameza, Baba Mumo.

Ukija, chai iko. Lakini mdomo nitaufungua nikitaka kuongea.

Ni mimi, Mwelu