Yupi Kulwa, Yupi Doto

Katoro, Jumapili

Bado naogopa kupiga chafya, mshono utafumuka. Lakini leo nimesimama wima.

Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kuwaona mapacha. Nikamwamkia, akaitikia, akawapakata wote wawili. Kisha akasema, "Sasa hawa wametolewa kwa kisu. Tutajuaje yupi katangulia, aitwe Kulwa?"

Iliniuma. Tangu nitoke wodini nimekuwa nikijiona kama sikuzaa, nimetolewa watoto tu.

Nikamjibu, "Mama, walinichoma ganzi ya mgongo, lakini nilikuwa macho. Wa kwanza alipolia, nikamwambia nesi amfunge kitambaa mkononi kabla hawajamtoa wa pili. Daktari akacheka, 'Huyu mama tunampasua na bado anatuamrisha!' Kulwa ni huyo wa kushoto."

Akamtazama mtoto. Sijui kama maziwa yangu yatawatosha wote wawili, hilo linanitisha. Kisha mama mkwe akanigeukia.

"Ulikuwa unatetemeka walipokupasua?"

"Sana, mama."

"Na ukakumbuka hilo!" Akaniwekea mto mgongoni. "Kaa hapo, Mama Kulwa. Uji napika mimi."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo kabla ya leo.