Baba Zuberi Nampanda, na Jina Lako Kwenye Ukuta wa Likombe

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipokaa kibarazani kwetu Mtawanya kufunga kamba za viatu vya kazi, ukaegemea ukuta, usiinuke tena. Mama alikuwa jikoni anakukorogea uji. Alikuita mara mbili, akadhani unamtania kama kawaida yako.

Tungependa kukuandikia maneno matamu tu, kama familia nyingine zinavyowaandikia wapendwa wao hapa gazetini. Mwaka huu hatuwezi. Tumekirihika, Mama kuliko sisi sote, na tukikuficha wewe tutamwambia nani.

Wengi walidhani kazi ya mkaguzi wa zimamoto ni kuvaa sare na kuhesabu mitungi myekundu ukutani. Sisi tuliokaa nawe nyumba moja tunajua ilikutaka nini. Ulirudi darasani ukiwa na watoto wanne, ukajifunza kusoma ramani za majengo na sheria zake, kisha ukaja kutusumbua na sisi. Ulituweka sote chumbani, ukashika saa, ukasema, "Tokeni." Tukabanana mlangoni tunacheka, wewe hucheki hata kidogo. Ulitaka kujua mlango mmoja unapitisha watu wangapi kwa dakika. Mpaka leo binti yako mkubwa, Tatu, akiingia ukumbi wa harusi anatafuta kwanza pa kutokea.

Ulikuwa na pua, Baba. Ukiingia dukani unasimama kidogo, unanusa, halafu unaenda moja kwa moja kwenye soketi iliyoanza kuungua. Kwenye ghala moja la korosho uliwahamishisha vibarua magunia mchana kutwa kwa sababu yalikuwa yamebanana na swichi kuu. Walikununia mpaka walipokuona nawe umevua shati, umebeba gunia begani.

Na siku ya ukaguzi ulikuwa huli kwa mtu. Hata maji ya kunywa ulibeba yako kwenye chupa. Kwetu huku mgeni akikataa maji ni kama amekutukana, na watu walisema Zuberi ana maringo, sijui huko chuoni walimlisha nini. Mama ndiye aliyekuwa akiyasikia hayo bombani na sokoni, anameza. Ulimwambia, "Mama Tatu, nikishakula wali wa mtu, nitamwambiaje mlango wake mbaya?"

Sasa tukueleze ya Mustafa, mwenye hosteli ya wasichana kule Likombe. Mara mbili ulimnyima cheti cha usalama wa moto. Madirisha yote yana nondo, na mlango wa nyuma alikuwa ameupiga kufuli, ufunguo analala nao matroni nyumbani kwake mtaa wa pili. Mustafa alisema bila kufuli mabinti watatoroka, na wazazi walimuunga mkono, maana kufuli ndilo walilolipenda. Ukamjibu mbele yao, "Weka mtu mlangoni. Mtu atasikia harufu ya moshi, kufuli halina pua." Wakaguna. Mmoja akasema hadharani kwamba unataka upewe kitu ndipo ulegeze.

Siku ya mazishi yako Mustafa alikuwa wa kwanza kuingia chini ya jeneza, na alilia kuliko ndugu zako wa damu. Kwenye hitma ya arobaini alileta ng'ombe na mchele. Tukapokea, tukamshukuru. Wewe hukuwahi kunywa hata maji yake, na sisi tulikula ng'ombe wake kwa jina lako, tukalamba vidole. Siku hiyo hiyo akamwomba Mama picha yako ya sare, eti akaitie fremu nzuri atuletee, na Mama akaitoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe.

Picha haikurudi. Mwezi uliopita Tatu alikutana stendi na mama mmoja wa Kitaya anayeitwa Hadija, mkulima wa mihogo, amemleta binti yake kuanza kidato cha kwanza. Alipojua Tatu ni mtoto wa nani, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu nimemweka hosteli ya Likombe kwa sababu ya baba yako," alisema. "Jina lake nimeliona ukutani, kubwa kabisa. Nikasema, haya, sasa nikirudi shamba nitalala."

Tatu akamleta nyumbani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajitanda kanga, wakaenda wote watatu mchana huo huo. Ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi ya bluu: Hosteli ya Marehemu Zuberi Nampanda, Usalama Kwanza. Ndani, pale panapotundikwa cheti, hakuna cheti. Umetundikwa wewe, kwenye fremu ya dhahabu, unatabasamu.

Mama alipita katikati ya vitanda hadi mlango wa nyuma, akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Kufuli ni jipya, kubwa kuliko lile la zamani. Humo wanalala wasichana arobaini na wawili, na mmoja wao alikuwa amechomeka pasi kwenye soketi iliyofungwa kwa utepe wa gundi, ananyoosha sare yake ya shule.

Mustafa akaja mbio, uso umejaa tabasamu.

"Mama, mimi namuenzi mzee," alisema. "Mji mzima umemsahau, mimi nimemwandika."

"Fungua mlango."

"Ufunguo anao matroni."

"Basi umemfungia mume wangu humu ndani pamoja na watoto wa watu," Mama akamwambia.

Akavuta kiti, akapanda na magoti yale unayoyajua, akakushusha. Mustafa alipomkumbusha kwamba fremu ni yake, Mama alitoa picha, fremu akamwachia sakafuni. Alipofika nje akatapika. Hadija ndiye aliyemshika.

Anna, yule uliyemfundisha kazi, amekwisha kuandika ripoti na kumpa Mustafa siku za kurekebisha. Tulimuuliza kwa nini basi wazazi bado wanaleta mabinti. "Nikiwaambia hapa hapana cheti," alisema, "wananijibu mkaguzi mwenyewe yuko ukutani." Miaka ishirini na mmoja ulikuwa unawatafutia watu pa kutokea, Baba, na sasa jina lako linatumika kuwaingiza. Ni uchafu, na hatuna neno la adabu zaidi ya hilo.

Basi wanaosoma hapa wajue kwamba familia haikutoa ruhusa yoyote. Hitma ya mwaka huu tumepika wenyewe, muhogo na samaki, na yeyote aliyeleta sufuria ya chakula tumemrudisha nayo. Binti wa Hadija na wenzake wanne wamehamia nyumbani, wanalala chumba cha uani. Wengine thelathini na saba bado wako kule.

Ijumaa hii baada ya swala tunakwenda Likombe na ndoo ya chokaa, Mama akiwa mbele. Mzazi mwenye binti pale aje tuongozane, akaujaribu mlango ule kwa mkono wake. Mustafa, tumekwambia mbele ya watu.

Unakumbukwa na mkeo Somoe, wanao Tatu, Fadhili, Sabra na Riziki, dada yako Hawa, wajukuu wako, na Anna wa kazini. Mwenyezi Mungu akurehemu.

Familia nyingine huahidi kwamba jina la mpendwa wao halitafutika. La kwako tutalifuta sisi wenyewe, kwa brashi. Kwenye ukuta ule, Baba, tunaomba usahaulike kabisa. Kwetu hutasahaulika.