Baba, Narudi Kiti cha Kulia

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikasimama kidogo, maana marahaba yako ilikuwa inakuja kabla sijafunga mdomo. Miezi mitano sasa namwamkia mama peke yake, na kila nikimaliza najikuta nimegeukia kiti chako.

Mama hajambo. Viatu vyako vya kazini amempa mjomba, koti amelipeleka kanisani, kofia ya meli hajampa mtu na hataki kuulizwa. Hapa Buswelu wamejenga ghorofa kwenye kile kiwanja cha mbele, kwa hiyo kile kipande cha ziwa ulichokuwa unakichungulia asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni hakionekani tena. Nimefurahi hukuliona hilo ghorofa. Ungewakorofisha.

Nina jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla sijamwambia mtu mwingine. Naacha kazi ya kurusha ndege binafsi ya bosi. Kuna shirika la ndege za abiria limeniita, na wanataka jibu leo. Jibu nimeshaliandika kwenye simu, bado kulituma tu. Kinachonizuia ni wewe.

Nikieleza utaelewa. Kwa bosi nakaa kiti cha kushoto, cha kapteni. Shirikani nitaanza kiti cha kulia, cha msaidizi, mistari mitatu begani badala ya minne. Foleni yao ya kupanda cheo haiangalii umeruka jumla ya saa ngapi kwingine, inaangalia siku uliyoingia kwao. Inawezekana kapteni wangu akawa kijana niliyemtangulia chuoni, na itanibidi nimwitikie "ndiyo, kapteni" bila kununa. Unanijua mimi na kununa. Huku bosi naye ananunua ndege kubwa zaidi, inayofika Ulaya bila kutua njiani, na anataka mimi niwe wa kwanza kuirusha. Wenzangu wananiona nimerukwa na akili.

Nao hawajui habari ya soko la Mkuyuni. Siku nilipopata mstari wa nne ulimsindikiza mama kununua dagaa, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, ukazunguka meza kwa meza ukiwaambia watu kwamba nyumbani kwako sasa mko makapteni wawili, wewe wa majini na mwanao wa angani. "Lubani wangu amepanda," ulisema. Ulisema "lubani" mpaka mwisho, na nilipokusahihisha ulinijibu kwamba Wakerewe walikuwa na "l" zamani sana kabla shule haijawaletea "r". Mama alirudi na dagaa pungufu kwa sababu ulimwaibisha akaondoka haraka.

Jioni ile uliniuliza swali moja, ukiniita kwa kile kifupi cha jina langu. "Kwa hiyo Leo, wewe ndiye unayepiga honi?" Ulikuwa unauliza kikazi. Kwenye meli honi ikilia, kamba zinafunguliwa na safari imeanza, na wa kuamuru ilie ni kapteni, hakuna mwingine. Nikacheka, nikakuambia ndege haina honi. Ulinitazama kidogo, ukarudi kwenye chai yako. Ulijua nimekwepa.

Miaka kumi na tisa uliendesha meli ya abiria kati ya Mwanza na Nansio, kwenu Ukerewe, na hukumsubiri mtu. Ulimwacha gatini mkubwa mmoja wa serikali na gari lake. Ulimwacha bwana harusi, suti na wapambe. Na ulimwacha mama. Hiyo ya mama ndiyo iliyokuwa inasimuliwa kila Krismasi: alikuwa anakwenda kwenye harusi ya mdogo wake, msusi akamchelewesha, akafika gatini na beseni la zawadi kichwani, meli imeshaachana na nchi kavu hatua kumi. Alikuita kwa jina lako la ubatizo mbele ya watu wote. Ukamvulia kofia, ukaendelea. Alipanda meli ya mchana na hakusema nawe siku tatu. Ulikuwa unajitetea kwamba mle ndani kuna mama mwingine ana mtoto mgonjwa, kuna mtu ana kesi saa saba, na wote wamefika kwa wakati.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Ulipofariki Jumanne ile nilikuwa Lusaka na bosi. Mdogo wangu Deo alipiga simu, akasema presha, akasema hospitali, akashindwa kuendelea, mama akaichukua simu akanimalizia. Nilitafuta ndege ya abiria, hakukuwa na safari ya kunifikisha kwa wakati. Nikamwambia bosi. Si mtu mbaya, baba, nisimsingizie. Alikaa chini kabisa, akanishika mikono miwili, akasema Alhamisi alfajiri tunaondoka, nakupeleka Mwanza mwenyewe kabla ya saa mbili. Ikapangwa hivyo. Jeneza lingeondoka na meli ya saa tatu, uzikwe kwenu Ukerewe alasiri, nami ningekuwepo gatini.

Alhamisi alfajiri niliiandaa ndege. Mafuta tayari, kibali tayari, msaidizi wangu ameshakaa. Bosi hakuja. Nikapiga simu, akasema dakika kumi. Kuna mtu alikuwa amemshika kwa maongezi hotelini. Nikapiga tena, dakika kumi. Nilisimama chini ya bawa nikiwa na mistari minne begani, kapteni kamili, na sikuwa na uwezo wa kuondoka. Hali ya hewa ikichafuka naweza kumkatalia bosi kuruka, hilo ni langu kisheria. Lakini kuondoka si kwangu. Ndege ile huondoka mwenye ndege akitaka. Alikuja amechelewa saa mbili nzima, anakimbia, anaomba radhi kwa dhati, macho mekundu. Nikamfungia mlango na kumwambia hakuna shida.

Tulifika juu ya Mwanza upepo umegeuka, ikabidi nizunguke nishukie upande wa ziwa. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikaiona meli. Nyeupe, katikati ya maji, inakata kuelekea Nansio. Nilijua umo. Nilikuwa juu yako, baba, na sikuweza hata kuangalia mara mbili, maana magurudumu yalikuwa yanashuka na msaidizi ananisomea orodha nami naitikia moja moja. Sauti yangu haikutetemeka. Mpaka leo hilo linaniudhi, kwamba haikutetemeka.

Nilipanda meli ya mchana, kama mama na beseni lake. Nilifika jioni, udongo umeshasawazishwa, misalaba ya maua imepangwa, watu wanaosha sufuria. Shangazi alinishika begani, juu kabisa ya ile mistari, akasema, "Kapteni, umechelewa." Hakusema kwa ubaya. Nilipiga magoti, na nilichoweza kusema ni samahani, nikairudia mpaka wakaninyanyua.

Baadaye nikaambiwa yaliyotokea gatini. Nahodha wa sasa ni yule kijana uliyemfundisha kazi. Alimfuata mama akamwambia, "Mama, kwa heshima ya mzee naweza kushikilia meli nusu saa, dada akitua namtumia gari." Abiria walikuwa wamekubali. Mama akakataa. Akamwambia, "Mimi mwenyewe aliniacha hapa hapa. Ondoa meli, mwanangu."

Watu wanalisimulia hilo wakitikisa kichwa kwa kumheshimu. Mimi nilimkasirikia. Nitakuwa mkweli: nilimkasirikia miezi mitatu. Nilimpigia simu, nikamuuliza dawa, nikamuuliza mvua, nikakata. Nusu saa nayo isingenisaidia, hesabu naijua, lakini nilitaka asubiri tu. Nilitaka mtu aseme anayekosekana hapa ni mtoto wake.

Mwezi uliopita nilikuja nyumbani nikiwa na ile barua ya shirika. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikamweleza habari ya viti viwili, kushoto na kulia, nikamwambia naona haya kukuvua ukapteni uliojivunia namna ile. Pia nikamwambia kitu ambacho wewe hukukijua: mwaka juzi shirika hilohilo liliniita na nilikataa, kwa sababu ya lile soko la Mkuyuni. Sikutaka urudi kuwaeleza watu kwamba lubani wako ameshuka.

Akaniuliza kama najua ulikuwa unakwenda uwanjani.

Sikujua.

Akaniambia. Kila niliposema kwenye simu "labda Jumamosi", ulikuwa unanyoa, unavaa shati jeupe na kofia, unakwenda uwanja wa ndege. Unakaa kwenye benchi pale nje wageni wanapopokelewa. Labda yangu wewe uliichukua kama ratiba. Ndege za abiria zinatua, watu wanatoka na mabegi yao, wewe unanyanyuka, unaangalia, unakaa. Mlinzi alikuzoea mpaka akawa anakutania, "Mzee, Leo haji leo?" Nawe ukawa unamjibu, "Leo atakuja kesho." Mchana unarudi, unakula, unasema ratiba imebadilika. Ulimkataza mama kuniambia, asije akanipa mawazo kazini.

Baba, ndege za binafsi haziegeshi upande ule. Tunatokea lango jingine kabisa, nyuma. Hata siku ambayo ningekuja kweli, ungekaa pale mpaka watu waishe na usingeniona. Na siku zile nilizoshindwa kuja, mara nyingi sikuwa hata angani. Nilikuwa hotelini mahali fulani nimevaa sare, simu mkononi, nangoja bosi aamue.

Nilimuuliza mama ni mara ngapi. Akasema hakuhesabu. Kisha akauweka ungo chini, akasema, bila kupandisha sauti, "Baba yako alikusubiri sana akiwa hai. Nisingekubali akusubiri na akiwa maiti."

Nililala mapajani pake kama mtoto, na mchele ukamwagika, naye akaniacha nilie bila kunibembeleza. Ile hasira sijui ilikwenda wapi. Nimebaki na haya, na hamu ya kukuona ambayo haina pa kwenda.

Sitakudanganya kwamba kwenye mashirika hakuna kuchelewa. Wanachelewa, tena ungewashuhudia ungecheka mpaka ukohoe. Kuna Krismasi ambazo nitakuwa angani na Pasaka ambazo nitalala mji wa watu. Lakini ratiba yao inatoka mwezi mzima kabla, imeandikwa, ina jina langu, na abiria mmoja hawezi kuisimamisha kwa sababu hajamaliza chai. Katika lile jina la kapteni, hicho ndicho nilichokikosa. Swali lako la honi ningelijibu siku ile, pengine ningehama mapema.

Linaloniuma ni kwamba nyumba yetu itabaki haina kapteni hata mmoja. Nimelifikiria hilo zaidi ya mshahara na zaidi ya ile ndege kubwa ya Ulaya. Mama anasema ataenda Mkuyuni mwenyewe awaambie kwamba binti yake sasa ni msaidizi, na atakayecheka atamjua. Namwamini. Anaanza kufanana na wewe, sijui kama analijua hilo.

Bosi nitamwambia kesho, ana kwa ana. Alinipa kiti cha kushoto wakati wengine walikuwa wananiuliza kama nimeolewa, na hilo sitalisahau. Atasikitika, atanipa mkono, na atatafuta mwingine.

Nimetuma, baba. Sasa hivi, kati ya sentensi ile na hii.

Sikukuaga ulipokuwa unaondoka, basi nakuaga hapa. Kwa heri, baba yangu. Asante kwa kunyoa. Asante kwa shati jeupe. Nakuahidi kitu kimoja ambacho nakiweza: neno "labda" silisemi tena kwa mtu anayenipenda. Nikijua siku nitaitaja, nisipojua nitasema sijui, na mama asivae viatu kwa ajili yangu bure. Ratiba ya kwanza ikitoka, siku yangu ya mapumziko ya kwanza ni yako, nitakuja Ukerewe nikae nawe mchana kutwa.

Pumzika. Usinisubiri tena. Mimi ndiye ninayekuja.

Binti yako,
Leokadia