Msonobari Uliokosa Hamu ya Jua

Mwende wangu,

Huku Donholm sote wazima. Babu yako amerudi kwaya, na majirani wanamvumilia.

Umeniandikia kwamba misonobari ya huko ng'ambo unakosoma hubaki kijani baridi ikizidi, lakini huacha kutumia jua kujitengenezea chakula. Eti ndani ya jani kuna molekuli za manjano zinazopokea mwanga usiotumika na kuutoa kama joto, jani lisiharibike. Kisha ukauliza: "Shosho, nami tangu theluji ianze nasoma na hakuna kinachoingia. Nirudi nyumbani?"

Nimecheka, maana msonobari nimewahi kuwa mimi. Nilipokuwa na mimba ya mama yako, tukiishi Mowlem, mama mkwe alituletea gunia la mbaazi kutoka Machakos. Nami nikisikia tu harufu ya mbaazi zikichemka, natimua mbio! Basi nikakaa mlangoni, nikamgawia kila jirani aliyepita. Jioni ploti nzima, wapangaji wote, ilikuwa inapika mbaazi, na wanawake wamenizunguka nje tukicheka mpaka mbavu zinauma. Mimi sikuonja hata punje.

Asubuhi moja nikaamka na njaa ya ajabu, na gunia lilikuwa tupu. Nikashika sahani, nikabisha kwa jirani. Kabla sijafungua mdomo, Mama Atieno akapaza sauti ploti nzima isikie: "Leteni mbaazi, ameanza kula!"

Kwa hivyo usifungashe bado, mama. Wakaribishe wenzako chai, uwagawie hayo masomo yasiyokuingia, na sahani yako iwe karibu; njaa itarudi.

Shosho wako