Maduara ya Kutu

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yameamkaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui. Bado niko dukani nauza misumari na mabomba. Shahada yangu iko chini ya godoro.

Kwenye kifurushi kuna washa, zile pete bapa za chuma za bolti. Ziweke juu ya kitambaa unapokata. Kitatulia bila pini, nawe hutajichoma. Kipande cha msasa kibandike chini ya rula, isiteleze. Sumaku ni ya kuokotea pini sakafuni. Daktari alisema macho hayatarudi. Kuhusu vidole hakusema kitu.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo, nakula, nalala. Usishangae mistari kupandiana.

Nilidhani nimezaa msomi, kumbe nimezaa fundi bomba. Jirani, anayenisomea barua zako, alipoona washa mezani akauliza, "Shoga, unashona au unaunda trekta?" Lakini zinafanya kazi. Nazipanga juu ya kitambaa, nafuata ukingo kwa kidole, mkasi unafuata kidole. Nimeanza blanketi lako la viraka, kwa yale mashuka meupe ya zamani. Likitoka sawa, nitapokea tena kazi za watu. Lisipotoka sawa, cherehani naitoa, sitaki kulala nayo chumba kimoja kama maiti. Hilo utaniambia wewe. Jirani ananihurumia, hasemi kweli.

Mama

16 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Blanketi ndilo hilo. Kona zote zimekutana, nimezipapasa moja moja. Niambie.

Mama

9 Julai

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinibana. Blanketi ni zuri. Kona zimekutana kweli, na jeupe pee. Nimelitandika, mwenye nyumba amelisifu. Pokea kazi za watu, Mama.

Mwanao

30 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Nilipokea kazi ya mapazia meupe. Mwenyewe aliyarudisha. Hakunigombeza. Alinishika kidole akakipitisha juu ya kitambaa: "Hapa duara la kutu, mama. Na hapa. Na hapa." Kidole hakikusikia kitu. Kisha nikanusa, nikasikia chuma.

Mimi hunyunyiza kitambaa maji kabla ya kukata. Umekua ukinishikia bakuli. Hukukumbuka, na mimi sikukumbuka. Hilo si kitu.

Ila blanketi lako lina maduara hayo hayo, na wewe una macho.

Nilidhani nina watu wengi wa kunihurumia na mmoja wa kuniambia kweli. Kumbe wote ni wa kunihurumia.

Cherehani ilichukuliwa jana. Washa zako zimo humu, zirudishe dukani. Sumaku nimebaki nayo. Pini bado ziko sakafuni, nazikanyaga.

Mama yako