Fuko Letu Kijitoni

Baba Watoto,

Alfajiri nilisikia komeo la mlango wa jikoni likilia gizani, nikasema mume wangu huyo, anapeleka taka pipani. Kumbe kijitoni! Asubuhi nimewapeleka watoto wa mtaa kutazama ndege, tukakuta fuko letu la mistari limepasuka kwenye matete, nepi zinaelea, inzi tele.

Uji umo kwenye chupa. Mdogo umwache kwa bibi yake. ~~Usionekane kule leo.~~ Narudi kijitoni; njoo na reki, glavu nimekuwekea hapa. Watoto bado wanangoja ndege warudi.

Mama Watoto

N.B. Majirani waliokuwa pale kijitoni waliuliza ni nani huyo asiye na haya. Mimi nikainama. Binti yako akawajibu kwa sauti: "Hilo fuko ni la kwetu."